Safari ya Sarawak na Neno "Bwana Akipenda"



Padri wetu alipotuomba tuandike neno la Kwaresima kwa ajili ya jarida hili, tulidhani tutaandika juu ya kufunga, kama ilivyo desturi. Lakini mezani petu kwa majuma kadhaa sasa hapana nafasi hata ya kuweka sahani, kwa ajili ya karatasi za safari, na mtu huandika kwa urahisi zaidi juu ya kile kilichojaa mezani pake. Tusemapo "sisi" tuna maana ya sisi wawili, mume na mke, walimu wastaafu, tuliokutana katika chuo cha ualimu mwishoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo tumeandika kila kitu pamoja, hata maandalio ya masomo.

Tunakusudia kuondoka Muheza juma lifuatalo Pasaka, kwenda Kuching, mji mkuu wa Sarawak. Sarawak ni sehemu ya nchi ya Malaysia, nayo iko katika kisiwa cha Borneo, mashariki ya mbali. Huko anakaa binti yetu wa pili pamoja na mumewe na mtoto wao. Mtoto huyo alizaliwa mwaka 2021 na hatujapata kumshika mkono.

Wakala wa safari pale Tanga alituandikia juu ya karatasi ya nauli kwamba bei hiyo ni ya "majira ya kuchipua". Tulicheka sana. Kwa miaka zaidi ya thelathini tulisimama ubaoni tukiwafundisha watoto majira manne ya Ulaya, nao wakayakariri vizuri, wala si mwalimu wala si mwanafunzi aliyepata kuyaona. Kuching iko kama nyuzi moja na nusu kaskazini ya Ikweta, na Muheza iko kama nyuzi tano kusini yake. Huko na huku mti haungoji mwezi wa Machi ndipo uchipue. Kwetu Aprili ni masika, na Pasaka yetu huja na tope hadi mlangoni mwa kanisa. Kwao mvua iliyo kubwa kuliko zote hunyesha kati ya Desemba na Februari. Aprili hupungua kidogo, ingawa kukauka haikauki, maana mji ule hupata karibu milimita 4,000 za mvua kwa mwaka, na joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33. Basi tumekubaliana kwamba tutatoka katika mvua moja na kuingia katika nyingine.

Sasa tufungue Waraka wa Yakobo, sura ya 4, kuanzia mstari wa 13. Twaomba kila msomaji afungue Biblia yake mwenyewe, maana hatutayaandika maneno yenyewe hapa. Mtume anawasema wafanya biashara waliopanga kwenda mji fulani, kukaa huko muda fulani, na kupata faida fulani. Anawakumbusha kwamba hawajui hata ya kesho, kwamba uhai wao ni kama mvuke, na kwamba iliwapasa kutaja kwanza mapenzi ya Bwana, ikiwa wataishi na kuyatenda hayo. Sehemu hii tunaijua wote. Ndiyo iliyotufundisha kusema "Bwana akipenda" kila tunapoagana na kila tunapoahidi kitu. Wengine wetu twalisema neno hilo mara ishirini kwa siku.

Lakini wengi wetu tukisoma tunakomea mstari wa 15. Sisi wawili tulikomea hapo kwa miaka mingi, nasi tulikuwa watu wa kuwafundisha wengine. Hatukuuangalia mstari wa 17, ambao ndio unaoifunga sura yenyewe, unaosema kwamba mtu anayejua lililo jema na asilitende, kwake huyo ni dhambi. Tuliudhani ni mstari uliopotea njia, kama karatasi ya somo jingine iliyochanganyikana na ya kwetu. Kumbe haukupotea. Mtume ameliweka neno la kupanga safari na neno la kuacha kutenda mema pamoja, naye alijua sababu. Sababu hiyo tumeijua kwa njia isiyo ya kujivunia, na hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia.

Binti yetu alikwenda Malaysia mwaka 2013 kusoma, kama walivyokwenda vijana wengi wa Afrika Mashariki katika miaka ile. Alipomaliza akapata kazi Kuching. Mwaka 2019 alitupigia simu akatuambia kwamba ameolewa. Hakusema kwamba anataka kuolewa, ilikuwa tayari. Hapakuwa na barua ya posa, hapakuwa na wazee waliotumwa, hapakuwa na mahari, wala hatukuulizwa. Mume ni mtu wa kabila la Waiban, ambao wengi wao huishi kandokando ya mito ya Sarawak. Sisi hatukupata kulisikia kabila hilo. Mmoja wetu akasema maneno makali katika simu ile. Hatutasema ni nani, maana katika ndoa deni la mmoja ni la wote wawili, na yule mwingine alikuwa amekaa karibu akisikiliza wala hakumzuia.

Hata hivyo binti yetu alituma nusu ya nauli mwezi wa Desemba, akatusihi tuje baada ya Pasaka ya mwaka 2020, tumwone mumewe na tufahamiane na wakwe. Tuliongeza nusu yetu kutoka kiinua mgongo, tukanunua tiketi. Tusijisifu. Tulikuwa tumekubali kwa midomo. Tuliandaa maneno ya kwenda kuwaambia wale watu, na tuliyapanga vizuri kuliko tulivyopanga nguo. Hatukuuliza hata mara moja mkwe wetu ni mtu wa namna gani, wala anasali wapi. Kati yetu wenyewe tulimwita "yule mtu wa msituni".

Mnakumbuka yaliyotokea mwaka ule. Tarehe 18 Machi 2020 serikali ya Malaysia ilifunga mipaka kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na safari yetu ikafa kabla ya Jumapili ya Matawi. Jumapili iliyofuata watu wa kanisani walitupa pole, nasi tukawajibu kwa upole mkubwa kwamba Bwana hakupenda. Baadhi yenu mlikuwapo, na labda mlitusifu mioyoni kwa imani yetu.

Ndugu, tulipofika nyumbani tulikunywa chai, tukatazamana, na tukajua kwamba tumefurahi. Mzigo ulikuwa umetuondokea. Hatukuwa na haja tena ya kukabiliana na binti yetu uso kwa uso. Ni kweli kwamba ugonjwa ulifunga njia, na hilo halikuwa katika uwezo wetu. Lakini tuliyasingizia mapenzi ya Mungu furaha yetu wenyewe. Kusema "Bwana hakupenda" ilikuwa rahisi, kwa sababu sisi ndio hatukupenda.

Mipaka ya Malaysia ilifunguliwa tena tarehe 1 Aprili 2022. Juma lile lile binti yetu alileta ujumbe pamoja na picha ya mtoto aliyeanza kusimama. Tukajibu, "Mungu akipenda, mama." Mwaka uliofuata tukajibu vivyo hivyo. Tuliendelea kujibu hivyo mpaka naye akaacha kuuliza, akabaki kutupigia siku za sikukuu tu. Kwao ni saa tano mbele yetu, hata tukitoka misa ya asubuhi ya Krismasi kwao jua limekwisha kuinama. Mjukuu alikuwa akiletwa kwenye simu anaamkia, "Shikamoo Babu, Shikamoo Bibi," kisha anakimbia zake. Maneno hayo manne ndiyo yalikuwa Kiswahili chake chote.

Nani aliyetuamsha? Ni kijana wa darasa la kipaimara. Tulikuwa tukisoma Yakobo, na tulipofika hapo tulieleza vizuri, kama tulivyoeleza miaka yote, kwamba Mkristo hupanga na kumwachia Mungu. Kijana akainua mkono akauliza: Mwalimu, mtu akisema Bwana hakupenda, atajuaje kama ni Bwana au ni yeye mwenyewe? Mwalimu wa zamani hujua namna ya kuliepa swali. Husema, "Swali zuri, tutalirudia juma lijalo." Ndivyo tulivyosema. Usiku ule tukausoma mstari wa 17 pamoja, mara mbili, na hatukuwa na la kuambiana.

Juma lililofuata tulimjibu kijana hivi, na jibu hilo tunaliandika hapa ili lipimwe na wengine. Tulimwambia kwamba neno la Yakobo halikuandikwa kwa watu wasiopanga. Liliandikwa kwa watu waliopanga mno, nao linawanyenyekeza. Mtu asiyepanga kitu akisema "Bwana akipenda" hajanyenyekea kwa lolote, maana hana kitu mkononi cha kumwonyesha Bwana ili akipende au akikatae. Kwanza yakupasa uwe na tarehe, na nauli, na jina la mji. Hapo ndipo neno lenyewe hupata maana.

Tukamwonyesha pia Mtume Paulo. Watu humdhania Paulo kuwa alipeperushwa huku na huku na Roho kama jani, lakini nyaraka zake zimejaa ratiba. Katika 1 Wakorintho 16 anawaeleza Wakorintho njia atakayopita, kwamba ni kwa Makedonia, kwamba huenda akakaa kwao wakati wa baridi, na kwamba kwanza atabaki Efeso mpaka Pentekoste kwa sababu mlango umefunguka huko. Yaani aliyajua majira, na alijua lini bahari hupitika. Katikati ya mipango hiyo anaweka neno lake la kumwachia Bwana. Na mipango yake haikutimia yote. Katika Warumi 15 anasema atapita Rumi akielekea Hispania. Alipofika Rumi alifika akiwa mfungwa. Lakini tazama pia 2 Wakorintho 1. Watu wa Korintho walimlaumu kwamba alibadilisha safari, naye hakujificha nyuma ya Mungu. Alieleza waziwazi kwamba yeye mwenyewe aliacha kwenda, na kwa nini. Sisi hatukuwa na ujasiri huo mwaka 2022, wala miaka iliyofuata.

Basi tukaanza kupanga. Na hapa tuna neno kwa wazee wenzetu wanaodhani kwamba kupanga safari ni kazi ya vijana wenye simu kubwa. Si hivyo, ila yataka subira. Hati ya kusafiria yapasa iwe na muda wa miezi 6 au zaidi tangu siku ya kuingia. Ya mmoja wetu ilikuwa na miezi minne tu, ikabidi aombe nyingine. Cheti cha sindano ya homa ya manjano huweza kuulizwa kwa wanaotoka Afrika. Sindano hiyo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha yote, hata cha zamani kisitupwe. Kuna fomu ya kufika Malaysia inayojazwa kwa mtandao ndani ya siku 3 kabla ya kuwasili. Tulitaka kuijaza mapema, kama walimu, lakini hairuhusiwi, nayo itajazwa na mpwa wetu wa Dar es Salaam. Dawa za shinikizo la damu tumezihesabu za siku 21 na nyingine za siku 10 za akiba. Zitakaa katika maboksi yake zenyewe pamoja na barua ya daktari, katika mfuko wa mkononi, maana nchi ile ina sheria kali sana juu ya madawa ya kulevya na hatutaki kidonge kisicho na jina kituletee maelezo marefu. Vyandarua hatuchukui, lakini dawa ya kujipaka tumenunua. Mbu wa dengue, tuliyoijua hata Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana.

Njia yenyewe ni ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi nchi za Ghuba ni kama saa sita, kutoka hapo hadi Kuala Lumpur ni saa saba hivi, kisha ndege nyingine kuvuka bahari hadi Kuching, chini ya saa mbili. Na ukifika Kuching hutoki tu kama mtu aliyekwisha kuingia Malaysia, bali hati yako hutazamwa na kupigwa muhuri tena, kwa sababu Sarawak ina mamlaka yake juu ya wanaoingia. Iliungana na wenzake kufanya Malaysia mwaka 1963. Sisi tulioungana mwaka 1964 hatutashangaa kwamba nchi zilizoungana zaweza kubaki na mambo ya kila mmoja.

Juu ya zawadi tulitaabika. Wazo la kwanza lilikuwa pilipili manga za Amani, lakini tukasoma kwamba Sarawak ndiyo inayolima karibu pilipili manga yote ya Malaysia. Hiyo ingekuwa kama kupeleka samaki Pangani. Ndizi? Asili yake ni pande zile zile. Doriani na shokishoki, ambazo watu wa Unguja wanazijua, nazo zilitoka huko. Basi tukaamua kupeleka korosho, kahawa, na kanga. Kwa ajili ya kanga tulikwenda Tanga, na tulisimama dukani karibu saa nzima. Mwenye duka alichoka nasi. Hatukuwa tumejua kwamba kanga nyingi hivyo zinasema watu. Hii inamsuta jirani, ile inamkemea mtoto, nyingine inamwambia mtu kwamba alionywa. Miaka michache iliyopita tungalichagua moja ya hizo, na tungalijua ipi. Mwishoni tulipata doti mbili zilizoandikwa "Tupendane", moja ya binti yetu na moja ya mama mkwe wake. Hazikuwa nzuri kwa rangi kuliko zote.

Tumeanza pia kujifunza maneno machache ya Kimalay, na jambo hili limetufurahisha kuliko yote. Kwao meza ni "meja", sabuni ni "sabun", nanasi ni "nanas", dunia ni "dunia", na bendera ni "bendera" ile ile. Mtu akimjulia mwenzake hali husema "Apa khabar?", nawe hapo umekwisha kuisikia habari yetu. Waarabu na Wareno walipita pwani zote mbili, wakaacha maneno yale yale kama mtu anayesahau mwavuli katika kila nyumba. Lakini neno moja lilitusimamisha. Kanisa kwao ni "gereja". Wataalamu wa lugha husema kwamba neno hilo latokana na neno la Kireno la kanisa, na kwamba kutoka neno lilo hilo sisi tumepata "gereza". Neno moja, likashuka pwani mbili. Huko likawa mahali pa kusali, na huku mahali pa kufungiwa. Yule kati yetu aliyefundisha Kiswahili miaka yote alisema kwamba hataki kulifikiri sana jambo hilo, kisha akalifikiri usiku kucha.

Maana mwishowe tuliuliza lile swali ambalo hatukuliuliza mwaka 2019, yaani mkwe wetu anasali wapi. Binti akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema, "Baba, Mama, mbona ni Mwanglikana? Tulifunga ndoa kanisani. Niliwatumia picha." Picha hizo tulizipata kweli. Hatukuzifungua.

Tukatafuta habari, kama tulivyowafundisha wanafunzi wetu kufanya kabla ya kusema. Padri Francis McDougall, aliyekuwa daktari pia, alifika Kuching mwaka 1848, akawekwa kuwa askofu mwaka 1855 huko Calcutta. Wamisionari wetu sisi, wale wa UMCA, waliingia Zanzibar mwaka 1864. Yaani huyo tuliyemwita mtu wa msituni, watu wa nchi yake walikuwa na kanisa la Kianglikana miaka 16 kabla ya sisi. Waiban wengi ni wa kanisa hilo na husali kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1996 dayosisi ya Kuching ikawa moja ya dayosisi nne zilizofanya Jimbo la Asia ya Kusini Mashariki, kama sisi tulivyofanywa Jimbo la Tanzania mwaka 1970.

Mara nyingi tumeihubiri Luka 15 mbele yenu, habari ya mwana aliyekwenda nchi ya mbali. Tulipokuwa na uchungu tulijiona sisi ni yule baba, tumeketi nyumbani tukingoja mtoto arudi na kutubu. Lakini binti yetu hakutapanya kitu. Alikuwa akitutumia fedha za dawa kila mwezi, hata miezi ile ambayo hatukupokea simu yake. Na yule baba wa mfano, ingawa alikaa nyumbani, alikuwa akitazama njia, na alipomwona mwanawe kwa mbali alikimbia. Sisi hatukutazama njia. Kama kuna mtu wa kuondoka na kurudi kwa mwenzake katika habari yetu, ni sisi, na ndiyo maana tunajaza fomu.

Jumamosi ya kwanza baada ya kufika, tutapelekwa kijijini kwa wakwe. Binti yetu ametueleza ili tusije tukafanya makosa. Waiban wa kijijini hukaa katika nyumba moja ndefu, familia nyingi chini ya paa moja, kila familia na chumba chake, na mbele ya vyumba vyote kuna ukumbi mmoja unaoitwa "ruai". Hapo watu huketi juu ya mikeka, huzungumza, husuka, na hupokea wageni. Viatu huvuliwa. Tukasema kwamba hiyo ni baraza, ila ni baraza ya ukoo mzima. Mgeni hupewa "tuak", pombe ya mchele. Hapo mmoja wetu, ambaye hajaonja pombe tangu kipaimara, aliingiwa na hofu. Binti alicheka, kicheko ambacho hatukukisikia kwa miaka sita, akasema kwamba kugusisha kikombe midomoni yatosha na hakuna atakayekasirika.

Tunawaomba basi mtukumbuke. Katika Litania tunawaombea wasafiri wa nchi kavu na wa majini; wa angani hawamo, lakini Padri amesema atawaongeza. Darasa la kipaimara litachukuliwa na mwalimu mwingine kwa Jumapili tatu, na tumemwonya juu ya kijana yule wa maswali. Ufunguo wa stoo ya Umoja wa Akina Mama utabaki kwa katibu. Ikitokea kwamba mmoja wetu ataugua, au njia itafungwa tena, tutawaambia ni nini kilichotuzuia, na tutakitaja kwa jina lake.

Limebaki jambo moja la kueleza, kwa kuwa wazee kadhaa wametuuliza juu yake. Ni posa. Mwezi uliopita mkwe wetu mwenyewe aliomba simu kwa mara ya kwanza. Kiingereza chake ni cha polepole kama chetu. Alisema kwamba mkewe amemweleza desturi ya kwetu, kwamba kwao jambo hilo hufanywa kwa namna nyingine na hakujua kwamba ametukosea, na kwamba baba yake yuko tayari kuandika barua sasa, hata kama imechelewa, na kutoa kinachopasa. Akauliza afanye nini.

Tulitazamana. Majibu ya swali hilo tuliyapanga tangu mwaka 2019, kwa mpangilio, pamoja na kiasi. Tulimwambia atupokee tu kiwanja cha ndege, maana mizigo itakuwa mizito na sisi ni wazee.